Msomaji Mmoja wa Bwana Randu

Mwezi uliopita alinijia Bi Hannah Ndambuki, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa Msambweni. Wamejenga chumba cha maktaba. Kina rafu, kina kufuli, na vitabu vitakuja Mungu akipenda. Kamati imeamua kukiita kwa jina la Randu Nzai, mwandishi na mhariri wa kwanza wa pande hizi, kwa hiyo nimwandikie maisha yake, kurasa chache tu za kubandika ukutani. Mimi Syovata ndiye niliyempigia chapa kila neno kwa miaka mitano, na waliomjua kuliko mimi wamekwisha kufa, au hawapendi kuulizwa.

"Na pembeni ya jina lake," akasema Bi Hannah, "tunataka kuweka la Mama Kahaso. Wewe bila shaka unajua alizikwa wapi, na mwaka gani."

Nilimwambia maisha ya Bwana Randu nitayaandika. Ya Mama Kahaso nikamwomba angoje kidogo. Kuna neno moja kumhusu mama huyo ambalo nimelisema mara moja tu maishani mwangu, nikaambiwa ninaota, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta mtu wa pili wa kumwambia.

Haya, maisha. Randu Nzai alizaliwa Kinango, kwa Waduruma, katika nyumba yenye mbuzi wengi na kitabu hakuna. Alisoma misheni mpaka darasa la sita, akapata ukarani mdogo katika ofisi moja huko Kwale, kazi yake ikiwa kunakili barua za wakubwa. Alizinakili kwa miaka kumi na miwili, na bila ya kuombwa na mtu akawa anazitengeneza. Siku moja mkubwa wake aligundua kwamba barua yake ya kuagiza dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa imeongezwa aya mbili kuhusu uzuri wa asubuhi katika vilima vya Shimba. Bwana Randu akapewa ruhusa ya kwenda kuonyesha kipaji chake kwingine.

Hiyo ilikuwa mwaka 1961, na wakati ule kila mtu alikuwa akianzisha kitu. Uhuru ulikuwa njiani, na hakuna aliyetaka umkute amekaa bure. Hapa Msambweni palikuwa na Bwana Thoya, mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa, ambaye alikuwa amenunua mashine ya kurudufu kwenye mnada wa Wazungu waliokuwa wakifunga virago. Aliiona ina roli na mkono wa kuzungusha, akadhani ni ya kukamulia miwa. Alipoambiwa ni ya kuchapia makaratasi, alitafuta haraka mtu wa kuitumia kabla mkewe hajajua, akampata Randu. Hivyo ndivyo fasihi ilivyoingia Msambweni.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa Mzee Muthoka, mmoja wa Wakamba waliogawiwa mashamba ya Shimba Hills. Kupiga chapa nilifundishwa na masista Mombasa. Bwana Randu aliniuliza swali moja tu la kazi: kama ninaweza kunyamaza mtu anapofikiri. Nikanyamaza. Akasema nimefaulu.

Gazeti liliitwa Kengele ya Kusini. Lilikuwa na kurasa nne, likitoka mara moja kwa mwezi, na makondakta wa mabasi walilichukua hadi Kinango, Vanga na Lunga Lunga. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha duka, tukikaa katikati ya madebe, na ndiyo maana matoleo yote ya Kengele yalinuka mafuta ya taa. Bwana Randu aliamrisha aitwe Bwana Mhariri, hata na Thoya, ambaye madebe yalikuwa yake.

Sasa lazima niseme habari za Mmarekani wake. Mtaalamu mmoja wa pamba alipokuwa akirudi kwao aliacha sanduku la vitabu, na ndani yake mlikuwa na maisha ya mwandishi na mhariri mmoja wa huko Marekani, wa karne iliyopita. Jalada halikuwapo. Bwana Randu alikisoma kitabu kile na kamusi pembeni, kurasa mbili kwa siku, kwa heshima ambayo watu wengine huwekea msahafu. Mmarekani yule alikuwa amehariri magazeti matano. Yasipopata waandishi wa kutosha, aliandika mwenyewe gazeti zima kwa majina ya kubuni. Watu wasipomjadili, alijijadili mwenyewe. Bwana Randu aliona hapo si kituko bali ni njia ya kazi. Sura ya mwisho ilikuwa imeliwa na mchwa, kwa hiyo hakujua jinsi Mmarekani alivyoishia, akawa anadhani aliishia vizuri.

Basi toleo la kwanza la Kengele lilikuwa na shairi refu la Randu Nzai, liitwalo "Pambazuka Ee Kwale," na barua sita za wasomaji waliolisifu. Wasomaji sita hao walikuwa Randu Nzai. Katika toleo la pili akatokea mtu aliyejiita Mkosoaji wa Vanga, akasema shairi lile linachechemea mguu wa kushoto. Huyo pia alikuwa Randu. Akajibiwa vikali na Mtetezi wa Kinondo, wakagombana miezi mitatu mizima. Mhariri alinitamkia maneno yote hayo niyapige chapa, akitembea huku na huku, akibadilisha sauti kwa kila mmoja wao, na Mkosoaji alipomchoma sana alikuwa akishika kifua. Sijapata kuona mtu akijitukana kwa bidii namna ile, tena akaumia kweli.

Nakala tulichapa mia mbili. Mia na hamsini zilitumika kufungia vitu.

Toleo la tano lilipokuwa tayari kuchapwa, Bwana Randu aliitwa Kwale kwenye mkutano, akaniachia ukurasa wa nne ukiwa na nusu tupu. Mmarekani alikuwa amesema kwamba nafasi tupu ni aibu ya mhariri, na basi la Lunga Lunga lilikuwa linaondoka saa nane. Nikatia karatasi ya stensili kwenye mashine ya chapa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akifikiri chumbani, sikunyamaza. Niliandika hivi:

"Bwana Mhariri, gazeti lako lilinifikia likiwa limefungiwa papa mkavu. Nililisoma kwanza, kisha nikala papa. Shairi ni refu. Papa alikuwa na chumvi ya kutosha. Nakusihi toleo lijalo ulipunguze moja na kumzidisha mwingine. Mimi ni mama mtu mzima, nina mbuzi wanne na masikio mazuri. Wako katika kungoja Uhuru, Mama Kahaso, Lunga Lunga."

Nililichagua jina la Kahaso kwa sababu sikumjua Kahaso yeyote. Nilipiga chapa, nikazungusha mkono wa mashine, nikampa kondakta mzigo wake, nikaenda kula.

Kesho yake Bwana Randu alilisoma toleo akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa nne uso ulimbadilika, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Kisha akacheka. Miezi mitano nilikuwa sijamsikia akicheka kwa sauti yake mwenyewe.

"Syovata," akasema, "hii sikuiandika mimi."

"Hapana, Bwana Mhariri."

"Imeletwa na nani?"

Hapo ndipo ningalisema. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Lakini yeye akaketi juu ya debe, akavua miwani, akawa anaifuta kwa ncha ya shati.

"Wewe unajua siri yangu, mwanangu," akasema. "Wasomaji wote hawa ni mimi. Naandika, najijibu, nalala. Lakini huyu! Yaani huko nje kuna mtu amechukua karatasi, akakaa chini, akaniandikia mimi! Tena hakulipenda shairi. Mtu uliyembuni mwenyewe hawezi kutolipenda shairi lako namna hii."

Nikasema imeletwa na kondakta. Uongo wangu wa kwanza ulikuwa mfupi hivyo. Ninakuomba wewe msomaji unayenihukumu ujiulize ungelisema nini, mbele ya mtu mzima aliyeketi juu ya debe la mafuta ya taa akifuta miwani kwa furaha.

Tangu hapo Mama Kahaso aliandika kila mwezi. Bwana Randu alitaka kuuona mwandiko wake, kwa hiyo nikawa naziandika barua kwanza kwa mkono wa kushoto, kwenye karatasi za daftari, nazipaka unga kidogo, kisha nazipiga chapa. Kura za mwaka 1963 zilipokaribia, Mama Kahaso alieleza jinsi mgombea alivyomtembelea akamuuliza anataka nini. "Nikamwambia nataka maji. Akaandika katika kitabu chake. Alipokuwa akila kuku wangu nilichungulia nione alivyoandika maji. Alikuwa ameandika: kuku mzuri." Waliokuwa wakibishana kama nchi itawaliwe kwa majimbo au kutoka Nairobi, aliwauliza kila upande utamtuma nani kuja kumsaidia kuchota.

Barua zile zilitembea. Zilisomwa kwenye foleni ya hospitali, zikasomwa visimani na mtu mmoja anayejua kusoma akizungukwa na ishirini wasiojua. Thoya alipandisha nakala zikawa mia nne, na hakuna aliyezifungia papa tena mpaka ukurasa wa nne uwe umeng'olewa. Mkosoaji wa Vanga mwenyewe aliandika kumsifu. Shairi la Bwana Randu lilipunguzwa mwezi hadi mwezi, kwa ushauri wa msomaji wake, likabaki beti mbili, na ninakiri beti zile mbili zilikuwa nzuri. Mimi nilikuwa na furaha isiyo na mahali pa kukaa. Nilisimama kwenye foleni ya hospitali nikawasikia watu wakicheka pale hasa nilipotaka wacheke, nikatazama viatu vyangu.

Novemba ya mwaka huo Bwana Mhariri alikuja asubuhi amevaa tai. Alikuwa amezungumza na kamati ya sherehe za Uhuru. Tarehe kumi na mbili Desemba, asubuhi, uwanjani Msambweni, mbele ya watu wote, Mama Kahaso ataketi jukwaani pamoja na wakubwa, asome barua kwa kinywa chake. Kiti chake kimekwisha tengwa.

"Huenda asiweze kusafiri," nikasema. "Ni mtu mzima."

"Nitamfuata mwenyewe kwa gari la Thoya. Syovata, nimengoja maisha yangu yote kumpa mkono msomaji."

Usiku sikulala vizuri, mchana nilikosea stensili tatu. Kusema kweli maana yake ilikuwa kumwambia Bwana Randu, wiki tatu kabla ya Uhuru, kwamba hana msomaji hata mmoja, kwamba aliyemcheka na kumrekebisha ni yule mtoto wa kike aliyeajiriwa kunyamaza. Nisiposema, ataenda Lunga Lunga kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Nilitafuta njia ya tatu, na kwa akili yangu yote ya miaka ishirini na moja nikaona ni kumwua mama wa watu.

Nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto nikaandika barua ya mpwa wake. Mama amefariki Jumatatu kwa homa. Tumemzika siku ile ile. Ndugu zake waliobaki wako Tanga, nyumba imefungwa, mbuzi wamegawanywa. Nilijiona hodari. Nilikuwa nimefunga milango yote: maziko yamekwisha, jamaa hawapo, nyumba hakuna. Kwa hiyo hakuna pa kwenda, na hakuna wa kupewa pole.

Bwana Randu alisoma barua ile akaenda kusimama mlangoni, amenipa mgongo. Kisha akanitamkia tanzia niipige chapa, mistari minane, bila kutembea. Toleo likatoka Alhamisi.

Mimi ni Mkamba wa Shimba Hills, lakini nilikuwa nimekaa na watu wa pwani hii miaka ya kutosha kujua wanavyofanya mtu akifa. Sikulifikiria tu, kwa sababu nilijua mimi kwamba hakuna mtu aliyekufa. Wao hawakulijua hilo. Walijua wamefiwa na mtu wao, na kwamba mtu akifa lazima matanga yakae mahali. Gazeti limesema nyumba imefungwa. Basi wakauliza anwani yake ilikuwa ipi, wakajibiwa: kwa Mhariri, Kengele ya Kusini, dukani kwa Thoya, Msambweni.

Jumamosi asubuhi nilikuta wanawake kumi na wanane wameketi kwenye baraza ya duka, majamvi yametandikwa, mafiga yamewekwa. Kila mmoja alikuwa amekuja na unga au kuni kichwani. Adhuhuri walikuwa wamefika sitini, na basi la Kinango lilikuwa halijaja.

"Hawa ni nani?" Thoya akaniuliza.

"Ni wasomaji," nikamwambia.

Wakatafuta mfiwa wa kumpa pole. Ndugu hakuna, mtoto hakuna, wakamkalisha Bwana Mhariri kwenye jamvi la katikati, wakawa wanapita mmoja mmoja kumshika mkono. Na yeye akalia, mtu mzima, bila aibu, akimwitikia kila mmoja. Siku tatu hakuitaja Marekani.

Tatizo lilikuwa dini. Mwalimu wa madrasa alikuja na wanafunzi kusoma hitima, kwa sababu katika barua ya tatu Mama Kahaso alikuwa amesema alhamdulillahi. Wakristo wa Shimba Hills wakiongozwa na mama yangu mzazi wakaja na nyimbo, kwa kuwa katika barua ya saba alinukuu Zaburi. Wazee wa Kiduruma nao wakasema huyu ni mtu wa mila, maana katika barua ya kumi na tano aliwamwagia koma, mizimu ya ukoo, tembo la mnazi kidogo kabla ya kupiga kura. Kila upande ulileta ukurasa wake wa nne kama ushahidi. Nilikuwa nimeandika nilichotaka mwezi niliotaka, sikujua nitakuja kuulizwa. Mwishowe wakagawana: asubuhi hitima, mchana nyimbo, jioni wazee. Mama yangu aliimba kwa uchungu mkubwa. Alinikemea mimi kwa kutolia.

"Mtu aliyekuwa akiandikia gazeti lenu!" akasema. "Huna hata chozi, Syovata?"

Mimi nilikuwa jikoni, nasonga sima ya watu mia. Si wengi waliopata kujipikia matanga yao wenyewe. Nawaambia tu kwamba moshi wake ni ule ule.

Siku ya pili alishuka kwenye basi mwanamke mrefu aitwaye Dama, mwenyeji wa Lunga Lunga. Aliketi karibu nami akaanza kumenya mhogo.

"Nimezaliwa Lunga Lunga," akasema taratibu. "Najua kila nyumba na kila mbuzi. Huyu Mama Kahaso mimi simjui."

Nikaweka mwiko chini. Nikaona sasa imekwisha, na kusema kweli nilipumua. Nilitaka aseme. Asimame tu, aseme, na mimi nitasema lililobaki.

Dama akasimama. Akaenda barazani penye watu, akafunga leso kiunoni.

"Mimi nilikuwa jirani yake," akasema. "Nilichota naye maji miaka tisa. Hakuwa na makuu. Alikuwa akicheka hivi, na mkono mdomoni."

Kilio kikapanda upya. Akarudi akachukua kisu chake.

"Mbona umesema hivyo, mama?" nikamwuliza.

"Watu wametoka Vanga na unga kichwani," akasema. "Ulitaka niwaambie nini? Menya, mwanangu."

Baada ya Dama mlango ulifunguka. Mzee Kombe wa Ukunda alikumbuka kwamba Mama Kahaso alimkataa ujanani. Nahodha mmoja wa Wasini alimvusha mara mbili. Mpaka siku ya tatu walikuwa wamefika tisa waliomjua vizuri, kila mmoja akimrekebisha mwenzake. Nilikuwa nimemwua mwanamke asiyekuwapo, na sasa alikuwa na jirani, mchumba na kicheko. Mimi peke yangu ndiye nisiyekuwa na uhusiano naye wowote.

Siku ya Uhuru kiti chake kiliwekwa jukwaani kitupu, kimefunikwa leso mpya. Bwana Randu alisimama pembeni yake akasoma buriani aliyoiandika mwenyewe, ukurasa mmoja, bila Mmarekani, bila "pambazuka," bila jina la kubuni. Alisema: "Nilikuwa nikipiga kengele nikiwa peke yangu uwanjani. Mama huyu akaniambia inapigwa vibaya. Ndipo nikajua imesikika." Hapo nililia kwa mara ya kwanza. Mama yangu aliridhika.

Hiyo ndiyo kazi bora aliyopata kuiandika Randu Nzai, na kamati ikitaka kubandika kitu ukutani ibandike hiyo, nimeitia mwishoni. Baada ya hapo Kengele ilitoka miaka mingine miwili na nusu, Mkosoaji na Mtetezi wakiwa wamestaafu. Ukurasa wa nne ulikuwa na barua za watu wa kweli, wa Kinango na Vanga, waliodhani kwamba kama mama wa Lunga Lunga aliweza, wao pia wataweza. Zilikuwa nyingi mno, na nyingine nzuri. Mwaka 1966 Thoya aliiuza mashine kwa mtu aliyekuwa na miwa. Simzulii.

Siku tunafunga ofisi nilimwambia Bwana Randu. Nilikuwa ninaolewa, nikaona siwezi kwenda kwenye nyumba mpya na mzigo ule. Nilimweleza yote: nusu ukurasa, papa, mkono wa kushoto, unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulijaa huruma.

"Syovata, mwanangu," akasema, "wewe ni mpiga chapa mzuri kuliko wote niliowajua. Usiyatafute ya marehemu."

"Nimekwambia ni mimi, Bwana Mhariri!"

"Nimemzika, mwanangu. Jirani yake alisimama mbele yangu."

Hasira zikanipanda ambazo hata leo zikija natafuta kitu cha kufua. Nikamwambia angoje. Mashine ya chapa ilikuwa bado mezani. Nilitia karatasi, nikaandika barua ya Mama Kahaso pale pale mbele ya macho yake, nusu ukurasa, kuhusu mgombea wa kuku ambaye sasa amepata kazi na amerudi kuuliza kama kuna kuku wengine. Niliandika vizuri. Najua nilipoandika vizuri. Nikaichomoa nikampa.

Akachukua kalamu yake nyekundu. Alisoma polepole, akatia alama mahali pawili, na chini akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa ukarani: "Jaribio jema. Lakini si yeye."

"Inakosa pumzi yake," akaniambia kwa upole. "Yule alikuwa akiandika kama mtu asiyekuwa na mkubwa."

Bwana Randu alifariki mwaka 1971 katika hospitali hii ya hapa, akiwa na tanzia yangu ya mistari minane chini ya mto. Nilikuja kukipata kile kitabu cha Mmarekani kikiwa kizima katika maktaba moja ya Mombasa, nikasoma sura ya mwisho. Alikufa akiwa amesahauliwa, na maisha yake yakaandikwa na mtu aliyekuwa na kinyongo naye. Kamati ikumbuke hilo inaposoma kurasa hizi.

Jana Bi Hannah alikuja kuzichukua, zikawa bado hazijakwisha. Akaniuliza kama nimebaki na toleo lolote lenye barua ya Mama Kahaso, kwa sababu yote waliyoyatafuta yameliwa na mchwa. Nikaingia chumbani nikatoa karatasi ile moja, niliyoitunza ndani ya Biblia ya mama yangu, na wekundu wake. Nilirudi kitini nikatazama viatu.

Alianza kusoma. Kwenye kuku wa kwanza akatabasamu. Kwenye kuku wa pili akacheka kwa sauti, pale pale, mkono mdomoni.

"Ni yeye!" akasema. "Ni yeye kabisa! Mama yangu alikuwa akitusomea hizi jikoni, nilikuwa na miaka saba, ningeitambua popote." Kisha akaona yale maandishi mekundu, akakunja uso. "Nani ameandika upuuzi huu?"

"Mhariri," nikamwambia.

Alinitazama. Akaitazama karatasi, akanitazama tena, na mimi nikainua macho kutoka kwenye viatu vyangu, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya tangu foleni ya hospitali. Hakuuliza. Akatoa kalamu na lile daftari lake la kamati, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa tulikuwa tumekwisha kuamkiana. "Fundi wa kibao anangojea tarehe. Mama Kahaso nimwandikie alikufa mwaka gani?"

"Mwambie aache wazi," nikasema.